Otomatiki au Manuali: Giaboksi ya Kununua Ukiwa Masara

Ukitangaza Masara, kaunti ya Migori, kwamba unatafuta gari la 4x4, utapata ushauri kabla hujapata gari. Mzee aliyezeekea kwenye usukani wa Land Rover atakuambia otomatiki ni gari la kupeleka watoto shule. Kijana aliyepata leseni mwaka jana atakushangaa: nani bado anahangaika na klachi? Mimi ningekuomba uwaache wabishane, uanze na swali lako mwenyewe. Siku giaboksi itakapogoma, nani ataifungua, na yuko umbali gani kutoka hapo ulipokwama?

Naanza na hilo kwa sababu upande wa uendeshaji hauna ubishi mkubwa kama watu wanavyodhani. Kwenye tope na mchanga, dereva wa kawaida huenda mbali zaidi na otomatiki nzuri kuliko na manuali. Manuali nayo ikichoka hutengenezwa karibu na nyumbani, na mara nyingi hukupa muda wa kujikokota hadi kwa fundi. Ni vigumu kuvipata vyote viwili katika gari moja, kwa hiyo ujue mapema ni kipi kitakuuma zaidi ukikikosa.

Kwanza ziangalie njia zako. Barabara ya kutoka mji wa Migori kupitia Masara hadi Muhuru Bay ni ya lami, na kama shughuli zako zote ziko juu yake, huhitaji 4x4 hata kidogo. Nunua Probox, pesa inayobaki ifanye kazi nyingine. Mambo hubadilika ukiiacha lami. Ukiteremka Nyatike kuelekea bonde la mto Kuja, unakutana na ule udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa na mvua za Machi hadi Mei zikianza hugeuka gundi. Udongo huo hujaza mifereji ya tairi mpaka tairi jipya na tairi kipara yanakuwa kitu kimoja. Ukienda upande wa Homa Bay, Bonde la Lambwe lina udongo wa aina hiyo, na ndani yake iko Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita za mraba 120, ambamo gari la chini halina lake wakati wa mvua. Milima ya Gwassi ni kazi nyingine kabisa: mawe, kupanda na kuteremka. Kuzunguka machimbo ya dhahabu ya Macalder, malori ya kubeba mawe yamechimba mikondo ambayo gari dogo hukalia tumbo. Na Karungu ukitaka kufika ufuoni mashua zinaposhusha omena, utakanyaga mchanga.

Sasa jiulize ni wapi kati ya hapo unapopita kila wiki, na ni wapi utakwenda mara moja kwa mwaka ukiwa na wageni wanaotaka kuiona ngome ya mawe ya Thimlich Ohinga kwa kuwa imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2018. Gari linunuliwe kwa njia ya kila wiki. Kwa ile ya mara moja, kodi gari la mtu au subiri jua litoke.

Tuanze na tope. Gari la manuali likiwa limesimama kwenye udongo mweusi, dereva ana kazi tatu kwa mpigo: kuongeza mafuta, kuachia klachi na kusikiliza magurudumu. Akiachia haraka, gari huzima, au tairi huzunguka bure na kujichimbia shimo. Akiachia polepole mno, klachi husuguana, na baada ya dakika chache harufu yake hujaa ndani ya gari. Gari likishaanza kutembea, akitaka gia ya pili lazima aikate nguvu kwa sekunde moja hivi, na kwenye tope zito sekunde hiyo inatosha kulisimamisha. Kwa hiyo anayejua manuali huchagua gia kabla ya kuingia, mara nyingi ya pili katika 4L, yaani 4x4 ya gia nzito, kisha haigusi klachi tena mpaka atokee ng'ambo.

Otomatiki ya kawaida haina klachi ya mguu. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha duara kilichojaa oili, ambacho mafundi wengi hukiita konvata. Injini huzungusha oili, oili nayo huzungusha giaboksi, kwa hiyo nguvu hufika kwenye magurudumu kwa ulaini, tena konvata huizidisha wakati gari linapoanza kuondoka, karibu mara mbili katika magari mengi. Gia zinapobadilika nguvu haikatiki kabisa. Injini haizimi. Mguu wa kushoto unapumzika na akili inabaki kwenye usukani, ambako ndiko inakohitajika. Mtu aliyeendesha mwaka mmoja tu anaweza kutoka kwenye shimo ambalo kwa manuali lingemtaka dereva wa miaka mingi. Kwenye mchanga wa ufuoni tofauti ni kubwa zaidi, maana mchanga haumsamehe anayepoteza mwendo.

Yule mzee wa Land Rover akikataa, mkumbushe Safari Rally ya 1979. Mercedes-Benz ilileta magari ya 450 SLC 5.0 yenye giaboksi ya otomatiki ya gia 3, na Hannu Mikkola akamaliza wa pili, nyuma ya Shekhar Mehta wa Kenya aliyekuwa kwenye Datsun 160J. Mwaka huohuo, katika mashindano ya Bandama huko Ivory Coast, magari hayo ya Mercedes yalichukua nafasi 4 za kwanza. Watengenezaji nao wamehamia huko. Land Rover Defender mpya, iliyoingia sokoni 2020, haiuzwi na manuali. Hata Land Cruiser ya 70, ambayo tangu 1984 ndiyo gari la polisi, hospitali na mashirika katika kona zote za Afrika Mashariki, mwaka 2023 ilipewa injini ya lita 2.8 yenye otomatiki ya gia 6.

Mteremko ndio unaoigeuza hesabu. Unaposhuka Gwassi ukiwa na mzigo, unataka injini ilizuie gari ili breki zisichemke. Manuali ikiwa katika gia ya kwanza ya 4L imefungwa moja kwa moja na injini: ondoa miguu yote kwenye pedali, gari litashuka kwa mwendo wa mtu anayetembea na mzigo kichwani. Konvata ya otomatiki huteleza kidogo injini inapokuwa chini, kwa hiyo gari huwa na tabia ya kukimbia kuliko unavyotaka. Dawa yake ni kuchagua L au 1 kwa mkono kabla ya kuanza kushuka, tena ukiwa katika 4L, na kugusa breki kidogo kidogo kwa vipindi. Ukiliacha kwenye D litabadili gia lenyewe kwenda juu huku mteremko ukilisukuma. Na kwa giaboksi yoyote ile, kushuka ukiwa nyutro ili kuokoa mafuta ni kujitafutia matanga.

Kupanda ukashindwa katikati ni mtihani unaowatisha wengi, na hapa otomatiki ni rahisi. Kanyaga breki, weka R, acha gari lirudi chini moja kwa moja bila kukata usukani. Mwenye manuali ambaye gari limemzimia kilimani asikanyage klachi kwa woga, maana klachi ikikanyagwa hakuna kinachobaki ila breki. Afanye hivi: breki ya mguu na ya mkono, kanyaga klachi mara moja tu kuingiza gia ya nyuma ya 4L, achia klachi kabisa injini ikiwa bado imezima, kisha achia breki taratibu na uzungushe ufunguo. Stata yenyewe italisogeza gari mpaka injini iwake, na litashuka likizuiwa na gia. Magari mengi ya karibuni hayawaki bila klachi kukanyagwa, kwa hiyo lijaribu lako kwanza mahali tambarare.

Tuje kwenye swali la fundi. Klachi ya pikapu ya manuali ni kazi ambayo fundi mzuri wa jua kali mjini Migori ameifanya mara nyingi. Giaboksi inashushwa, sahani na beringi zinabadilishwa, na vipuri vya magari yaliyozoeleka, kama Hilux, D-Max na Land Cruiser, havitafutwi mbali. Otomatiki iliyoungua haitengenezeki kwa spana peke yake. Inataka mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, mahali safi pa kuifungulia, na vipuri ambavyo mara nyingi huagizwa. Wengi huishia kununua giaboksi nzima iliyotumika, na kuibeba kutoka Kisumu au Nairobi. Humo ndani huwezi kuona kilichochakaa, kwa hiyo unanunua bahati. Fundi akikuambia ataifungua palepale barabarani chini ya mwembe, mshukuru, umpe soda, utafute lori la kulibeba gari.

Kuvutwa pia kuna masharti. Manuali ikiwa nyutro huvutwa kwa kamba bila shida kubwa. Otomatiki nyingi hulainishwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizima na magurudumu yakizunguka kwa kilomita nyingi, vyuma vinasagana bila oili. Kama gari lako lina kijiti cha 4x4 chenye N, kiweke hapo kwanza. Kama lina kitufe tu na hakina N, ama propela zitolewe ama gari libebwe juu ya lori.

Betri ikifa sokoni Sori saa kumi na mbili jioni, mwenye manuali atawaita vijana wa soko wamsukume. Sifa hiyo ni ya kweli lakini imepungua, kwa sababu dizeli za siku hizi zinataka umeme kidogo ili zirushe mafuta. Betri iliyokufa kabisa haitasaidiwa na vijana hata wawe kumi. Mwenye otomatiki hasukumwi kamwe. Ni nyaya za kuazima umeme au hakuna safari.

Soko nalo lina neno. Magari mengi yaliyotumika tunayopata Kenya yanatoka Japani, yasiyozidi miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza, na kule watu wameshaizoea otomatiki. Ukitaka gari la familia la 4x4 lenye manuali utasubiri sana, na utakalolipata huenda ndilo lililokataliwa na wengine. Pikapu ni hadithi tofauti. D-Max inaunganishwa Nairobi, na Land Cruiser ya 79 Mombasa, na manuali ndiyo mazoea ya pikapu za kazi. Suzuki Jimny ya umbo la 2018 ina zote mbili: manuali ya gia 5 au otomatiki ya gia 4, na kwa mtu mmoja au wawili wanaopita njia nyembamba za Nyatike ni gari la kufikiria kwa makini, mradi usilitwike magunia.

Hapa kuna mtego mmoja. Neno otomatiki kwenye tangazo la muuzaji hufunika vitu visivyofanana. Otomatiki ya konvata na gia halisi, kama ya Prado, ndiyo niliyokuwa nikiisifu hadi sasa. Kuna nyingine iitwayo CVT, yenye mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili badala ya gia. Nissan X-Trail nyingi na Subaru Forester za kuanzia umbo la 2012 zinazo. Ni nzuri kwa lami na changarawe kavu, zinakula mafuta kidogo. Lakini magari hayo hayana 4L, na CVT ikilazimishwa kwenye tope zito huchemka haraka, kisha kompyuta hupunguza nguvu ili kuiokoa, nawe unabaki umekanyaga mafuta hadi sakafuni huku gari likilala. Kuna pia zile zenye klachi mbili kavu zinazojiendesha zenyewe; kwenda polepole mlimani ndicho kitu zisichokipenda. Kwa njia za Ruma na Gwassi, zote hizo ziache.

Na dereva ni nani? Kama gari ni la biashara na litashikwa na vijana watatu wanaopokezana, wengi watakushauri manuali. Nakubaliana nao, ingawa kwa sababu isiyo ile wanayoitaja. Dereva wa kuajiriwa ambaye hajali ataiunguza klachi. Hilo lina bei unayoijua. Akiiunguza otomatiki, hasara inaweza kula faida ya msimu mzima. Angalia pia leseni: katika madaraja ya sasa ya NTSA, B1 humruhusu mtu gari jepesi la otomatiki peke yake. Kama mkeo au mwanao ana hiyo na wewe umenunua manuali, usiku wa kukimbiza mgonjwa Migori kisheria hana ruhusa ya kuliendesha.

Basi ningechagua hivi. Mtu anayebeba mchanga, mawe ya dhahabu au mbolea kwenye pikapu, au anayeishi mbali na lami na hana pesa ya akiba ya giaboksi, achukue manuali bila aibu. Mwalimu, nesi, mfanyakazi wa shirika, familia inayoendesha yenyewe na kulitunza gari lake, achukue otomatiki ya konvata yenye 4L. Anayeogopa matengenezo ya otomatiki aelewe kwamba nyingi zinazokufa huku kwetu zinauawa na mambo mawili: oili isiyobadilishwa, na kupigana na tope katika 4H, yaani 4x4 ya gia za kawaida.

Hilo la pili nalirudia kwa sababu karibu kila mtu hulikosea. Anaingia kwenye udongo mweusi, anaona 4H inalisogeza gari, anaendelea. Magurudumu yanakwenda polepole, injini inanguruma, na ile tofauti yote inageuka joto ndani ya konvata. Ukiweka 4L kabla ya kuingia, injini inapata wepesi, konvata haitelezi sana na oili haichemki. Taa ya joto la oili ya giaboksi ikiwaka, simama, weka P, acha injini iendelee kuwaka bila kukanyaga mafuta ili oili izunguke ipoe. Kuzima injini hapo ni kuifungia oili ya moto ndani. Na unapolitikisa gari mbele na nyuma ili litoke shimoni, acha magurudumu yasimame kabisa kabla ya kutoka D kwenda R.

Kwenye maji, manuali ina onyo lake. Ukiwa katikati ya kijito usikanyage klachi, kwa kuwa maji na matope yanaweza kuingia kati ya sahani na klachi ikateleza. Ingia na gia moja, toka na hiyohiyo. Otomatiki haina shida hiyo, ila mrija wake wa kupumulia ukiwa chini ya maji unaweza kuvuta maji ndani. Oili ikionekana ya waridi iliyochanganyika kama maziwa, usiliwashe tena gari mpaka imwagwe. Mto Kuja ukiwa umefurika, swali la giaboksi halipo. Geuza.

Siku ya kulikagua gari, fika kabla muuzaji hajaliwasha, na uguse boneti kuhakikisha ni baridi. Kwa otomatiki yenye kijiti cha oili, kichomoe ukifute kwenye karatasi nyeupe. Oili nyekundu au ya rangi ya chai nyepesi ni sawa. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, rudisha kijiti, aga kwa heshima, ondoka. Kisha washa gari, kanyaga breki, toka N kwenda D, halafu R. Linapaswa kushika ndani ya sekunde moja hivi, bila kupiga teke. Endesha mpaka lipate joto kabisa, maana giaboksi mbovu nyingi hujificha zikiwa baridi. Panda nalo kilima chochote kirefu, ukisikia injini inapanda sauti na mwendo hauongezeki, gia zinateleza. Omba pia kuliona likiingia 4L. Wauzaji wengi hawajawahi kuijaribu, na kijiti kilichokaa miaka bila kuguswa hugoma.

Kwa manuali, funga breki ya mkono vizuri, ingiza gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo na uachie klachi. Injini ikizima papo hapo, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma huku gari limesimama, klachi imekwisha, na bei ishuke kwa gharama hiyo au mwachane. Tembeza gari ukitoka gia ya tatu kwenda ya pili kwa haraka. Ikilia kwa kukwaruza, ndani kuna kazi. Tazama chini ya giaboksi kama kuna oili inayovuja, kisha muulize fundi aliyelihudumia, si muuzaji, ni lini klachi ilibadilishwa.

Ukishanunua otomatiki, usiamini historia ya oili uliyosimuliwa. Badilisha mwanzoni, kwa aina ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kwa matumizi ya matope rudia kila kilomita 40,000 hadi 60,000. Oili ya CVT na oili ya otomatiki ya kawaida hazichanganywi hata kama muuza duka ataapa ni kitu kimoja. Ndani ya gari beba lita 2 za oili hiyo, na nyaya za kuazima umeme, na uhakikishe betri haijazeeka. Mwenye manuali abebe chupa ya oili ya breki, kwa kuwa klachi nyingi za siku hizi huitumia hiyohiyo, na akague kila wiki kama kikopo chake kimepungua. Na wote wawili, kabla ya kutumia shilingi nyingine yoyote kwenye gari hilo, wanunue tairi za matope. Katika udongo mweusi zitawasaidia kuliko giaboksi yoyote.